Kupaa na Kupalizwa: Historia ya Vitenzi Viwili vya Kwenda Juu katika Kiswahili cha Bukoba na Muleba

Ikisiri

Kiingereza kina maneno mawili yanayokaribiana kwa sura na yanayotaja safari ya kwenda juu: Ascension na Assumption. Kiswahili cha Kanisa Katoliki huyatofautisha kwa kutumia mzizi mmoja tu, yaani kupaa na kupalizwa. Makala haya yanachunguza jinsi tofauti hiyo ilivyojengwa, kwa kuzingatia mazingira ya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, ambako Kiswahili cha ibada kilikuta lugha ya Kihaya, misheni ya Mapadri Weupe na, baadaye, Kanisa la Kilutheri. Hoja kuu ni kwamba tofauti ambayo Kilatini kiliiweka katika mizizi miwili, Kiswahili kiliiweka katika mnyambuliko wa kitenzi, na kwamba jambo hilo liliwezekana kwa sababu umbo paliza limehifadhi sauti ya kale iliyokwisha kutoweka katika paa. Makala yanahitimisha kwamba kupalizwa si istilahi ya kidini pekee bali ni ushahidi wa historia ya lugha, na kwamba kamusi zinapaswa kulitendea hivyo.

1.0 Utangulizi

Mkatoliki wa Kashozi au Rubya anayesali matendo ya utukufu ya rozari hutamka maneno mawili yanayofanana katika muda usiozidi robo saa. Katika tendo la pili, Yesu anapaa mbinguni. Katika tendo la nne, Bikira Maria anapalizwa mbinguni. Mwelekeo wa safari ni mmoja na mwisho wake ni mmoja. Hata hivyo, msemaji akiyabadilisha maneno hayo, akasema kwamba Maria alipaa, mwalimu wa katekisimu atamsahihisha. Yesu alikwenda juu kwa uwezo wake mwenyewe. Maria alipelekwa juu kwa uwezo wa Mungu.

Tofauti hii ni ya kale katika lugha ya Kilatini, ambamo maneno hayo mawili ya Kiingereza yalichotwa. Ascensio limetokana na kitenzi chenye maana ya kupanda au kukwea. Assumptio limetokana na kitenzi chenye maana ya kutwaa, kuchukua kitu na kukifanya kiwe chako. Kwa hiyo, Kilatini hakina vitenzi viwili vya kwenda juu katika jambo hili; kina kitenzi kimoja cha kupanda na kingine cha kutwaa. Kufanana kwa maneno hayo katika Kiingereza kunatokana zaidi na kiambishi cha mwanzo na mwishilio wake kuliko na maana ya asili.

Kiswahili hakikutafsiri maneno hayo neno kwa neno. Hakikusema kwamba Yesu alikwea, wala hakikuifanya sikukuu ya Agosti 15 kuwa sikukuu ya Kutwaliwa kwa Maria. Kilichagua mzizi mmoja, kikauacha peke yake kwa Yesu na kuunyambua kwa Maria. Swali la makala haya ni kwa nini mzizi huo ulifaa, na mnyambuliko huo ulitoka wapi.

2.0 Panda, kwea na paa

Kabla ya kufika kwenye kupalizwa, inafaa kutenganisha vitenzi vitatu ambavyo mara nyingi huelezwa katika kamusi kwa kufasiriana. Tazama mifano ifuatayo:

(1) a. Wanafunzi walipanda kuelekea Kamachumu.
b. Kijana alikwea mti kwa mikono na miguu.
c. Moshi ulipaa juu ya migomba.

Kupanda ndicho kitenzi kipana kuliko vyote. Mtu hupanda mlima, hupanda ngazi, hupanda basi, na abiria wa bandari ya Kemondo hupanda meli hata kama sakafu ya meli iko sawa na gati. Bei hupanda, homa hupanda, na mtumishi hupanda cheo. Jambo linalounganisha matumizi haya ni kuwapo kwa kitu cha kukanyaga au kiwango cha kutokea. Methali isemayo kwamba mpanda ngazi hushuka inaielewa safari hiyo hivyo: kila hatua ya juu ina hatua ya chini inayolingana nayo. Ndiyo maana Zaburi za 120 hadi 134, ambazo kwa mapokeo huhusishwa na mahujaji waliokwenda Yerusalemu kwa miguu, katika Biblia ya Muungano zina kichwa kinachotaja kupanda mlima.

Kukwea kuna wigo mwembamba zaidi. Ni kwenda juu kwa juhudi ya viungo, huku mwili ukishikamana na kile kinachokwewa. Pwani kitenzi hiki kina makao yake katika kazi, kwa kuwa mkwezi ndiye apandaye mnazi kuangua nazi. Kagera ni nchi ya migomba, si ya minazi, na kwa hiyo kukwea kulifika huko zaidi kwa njia ya shule na Biblia kuliko kwa njia ya kazi. Kwa wasemaji wengi wa bara, neno hili lina ladha ya maandishi.

Kupaa ni kwenda juu bila kukanyaga wala kushika. Moshi hupaa, ndege hupaa, mvuke hupaa kutoka ziwani asubuhi. Hakuna ngazi, wala mti, wala mlima. Mtu anayepanda mlima bado yuko juu ya ardhi, anayepaa ameiacha. Kwa wakazi wa mji wa Bukoba, uliokaa kwenye ufuko wa ziwa chini ya majabali, tofauti hii haihitaji maelezo marefu: watu hupanda kutoka mjini kwenda vijiji vya juu kila siku, lakini ni tai na ukungu tu vinavyopaa kutoka huko.

Hapo ndipo Kiswahili kilipokuwa sahihi zaidi kuliko Kilatini. Kilatini kilichukua picha ya kupanda kwa miguu na kuinyoosha hadi ifike mbinguni. Kiswahili kilikuwa na kitenzi kisichohitaji kunyooshwa.

Ikiwa paa lilifaa kwa Yesu, kwa Maria kilihitajika kitenzi chenye mtenda mwingine. Vitenzi vyote vitatu vina uwezo huo, lakini nafasi mbili zilikuwa zimekwisha kujaa. Kupandishwa kulikuwa kumeelekea kwenye vyeo, madaraja na bei. Mtu hupandishwa cheo, na mshtakiwa hupandishwa kizimbani. Kukwezwa, kutokana na kukwea, kulikuwa kumegawanyika. Kwa upande mmoja, mabaharia hukweza chombo pwani, yaani hukivuta kutoka majini hadi nchi kavu. Kwa upande mwingine, kukweza ni kumpa mtu utukufu, na kujikweza ni majivuno. Kumsema Maria kuwa alikwezwa kungetaja heshima yake bila kutaja safari ya mwili wake, ilhali fundisho lenyewe linahusu mwili. Ilibaki kupalizwa.

3.0 Sauti iliyopotea

Msemaji wa leo anaweza kuuliza: ikiwa kitenzi ni paa, herufi l ya paliza imetoka wapi? Jibu lake liko katika historia ya fonolojia ya Kiswahili. Vitenzi vingi vya Kiswahili vinavyoishia kwa irabu mbili vilikuwa na sauti l kati ya irabu hizo. Sauti hiyo ilidondoka katika umbo la msingi, lakini ilibaki pale ambapo kiambishi cha mnyambuliko kilifuata:

(2) a. zaa: zalia, zaliwa, zalisha
b. kaa: kalia, kaliwa, kalisha
c. twaa: twalia, twaliwa
d. vaa: valia, valisha
e. paa: paliza, palizwa

Mpangilio huu unaonyesha kwamba l ya paliza haikuingizwa. Ilikuwapo tangu mwanzo. Ni paa ndilo lililopoteza, si paliza lililoongeza. Msemaji wa Kihaya ana ushahidi wa aina hii kinywani mwake, kwa kuwa katika Kihaya, kama katika Kiganda, kitenzi cha uzazi ni kuzaala. Mwanafunzi wa Muleba anayejifunza kwamba zaa hutoa zaliwa anakutana na sauti ambayo lugha ya nyumbani haikuiacha kamwe. Kwa hiyo, jambo linaloonekana kuwa la ajabu kwa msemaji aliyezaliwa katika Kiswahili cha mjini linaweza kuonekana la kawaida kabisa kwa Mhaya.

Kitenzi paa kina pia umbo jingine la kutendesha, paza, ambalo huandikwa vilevile paaza. Umbo hili limeundwa kwa njia ya kale zaidi, ambayo ndani yake sauti l yenyewe iligeuka kuwa z. Ndivyo lala lilivyotoa laza, na jaa likatoa jaza. Kitenzi jaa kinafanana na paa hata zaidi, kwa maana nacho kina maumbo mawili ya kutendesha, jaza na jaliza. Kwa hiyo, paza na paliza ni ndugu wa ukoo mmoja waliozaliwa kwa njia tofauti. Kiswahili cha pwani kiliyatumia yote mawili kwa sauti ya mtu: kupaza sauti na kupaliza sauti. Baadaye paza lilishika sauti peke yake, na paliza likabaki bila kazi ya kila siku.

4.0 Kutoka pwani hadi ziwani

Msamiati wa Kikatoliki wa Kiswahili ulianza kukusanywa pwani. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na mmoja wao, Charles Sacleux, alikuja kuchapisha kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939. Mapadri Weupe, waliokuja baada yao, walipita njia hiyohiyo ya Bagamoyo mwaka 1878 wakielekea maziwa makuu.

Katika Buhaya, hata hivyo, Ukristo haukuingia kwa Kiswahili kwanza. Emin Pasha alianzisha kituo cha Kijerumani cha Bukoba mwaka 1890. Januari 1892 vita ya Mengo ilivunja nguvu ya chama cha Wakatoliki katika Buganda, na mwaka huohuo misheni ya Kashozi ikafunguliwa kaskazini mwa Bukoba, ikihusiana kwa karibu na Wakristo waliotoka kaskazini. Jina lenyewe la mahali hapo linasikika kuwa na undugu na neno la Kiganda kasozi, yaani kilima. Askofu Joseph Hirth, aliyeongoza vikarieti ya Nyanza ya Kusini tangu mwaka 1894, aliijenga seminari ya Rubya, katika wilaya ya Muleba ya sasa, ambako hata vijana kutoka Rwanda walikuja kusoma. Mapadri Weupe walipendelea kufundisha watu kwa lugha zao, na kwa Wahaya wengi imani ilisomwa na kuimbwa kwa Kihaya.

Matokeo yake ni kwamba Kiswahili cha ibada kiliwafikia Wahaya kikiwa kimekwisha kukamilika. Neno kupalizwa halikubuniwa Bukoba. Lilikuja likiwa limejengwa, kama mlango uliochongwa pwani na kubebwa hadi ziwani. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) kuruhusu Misa iadhimishwe kwa lugha za watu, na baada ya Kiswahili kuwa lugha ya shule za msingi Tanzania nzima, neno hilo likawa la watu wote wa Kagera waliosali kwa Kiswahili. Wengi walilikuta kanisani bila kuwahi kulikuta sokoni.

Hali hiyo inaeleza nguvu na udhaifu wake kwa pamoja. Neno lisilotumika kwingine halichafuliwi na maana nyingine, lakini pia halipati msaada wa maana nyingine. Yule anayesikia kupalizwa mara moja kila Agosti hana kitenzi hai cha kulihusisha nalo. Tena, neno la karibu zaidi linalomjia mtu wa kijijini linaweza kuwa la shamba. Kibanja cha migomba na kahawa hupaliliwa, na kitenzi palia, chenye maana ya kuondoa magugu, nacho hutoa paliza. Kisarufi, shamba linaweza kupalizwa. Maana hizo mbili hazina uhusiano, lakini sura yao ni moja, na utata huo unatosha kulifanya neno la ibada lionekane kama fumbo.

5.0 Mwaka 1950 na kauli ya kutendwa

Sikukuu ya Agosti 15 ni ya kale sana, lakini ni Novemba 1, 1950 ambapo Papa Pius XII alitangaza kuwa kupalizwa kwa Maria, mwili na roho, ni fundisho la lazima la imani. Miaka hiyo ilikuwa ya mabadiliko makubwa kwa Kanisa la Kagera. Padri Laurean Rugambwa, aliyezaliwa Bukongo, Kamachumu, mwaka 1912, alikuwa amekwenda Roma kusomea sheria za Kanisa. Mwaka 1952 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa vikarieti ya Kagera ya Chini, iliyokuja kuwa jimbo la Rutabo mwaka 1953. Mwaka 1960 akawa kadinali wa kwanza Mwafrika wa zama za kisasa, na mwaka huohuo jimbo lake likachukua jina la Bukoba. Kizazi kilichopokea fundisho la 1950 katika Muleba kilikuwa pia kizazi cha kwanza kulipokea chini ya askofu aliyezaliwa kati yao.

Tangazo la 1950 lilichagua maneno yake kwa uangalifu. Lilisema kwamba Maria alitwaliwa baada ya kumaliza safari ya maisha yake ya duniani, bila kuamua iwapo alikufa kwanza. Umbo pal-iz-w-a linaubeba uangalifu huo vizuri. Kiambishi -iz- kinatangaza kwamba kuna anayesababisha. Kiambishi -w- kinamweka Maria katika nafasi ya mtendwa. Mtenda hatajwi, lakini sarufi haimruhusu msikilizaji kumsahau. Wala hakuna sehemu ya neno hilo inayosema lolote kuhusu kifo. Katika neno moja, mkulima wa Rutabo anapata muhtasari wa fundisho ambalo kwa Kiingereza humlazimu mwalimu kueleza asili ya maneno ya Kilatini.

Hata hivyo, tusiifanye sarufi iseme zaidi ya inavyosema. Maandiko yenyewe hayashiki mpaka huu. Katika Kigiriki cha Matendo ya Mitume, sura ya 1, kwenda juu kwa Yesu kunaelezwa kwa vitenzi vya kutendwa: aliinuliwa, alichukuliwa juu. Ni katika Injili ya Yohane, sura ya 20, ambapo Yesu anatumia kitenzi cha kutenda anapozungumzia kwenda kwa Baba. Mgawanyo wa kazi kati ya kutenda na kutendwa ulifanywa na teolojia baadaye. Kiswahili kiliurithi mgawanyo huo, kisha kikaupa umbo la kisarufi ambalo Kigiriki cha Matendo hakikuwa nalo.

6.0 Neno la pamoja na neno la upande mmoja

Bukoba na Muleba si nchi ya Wakatoliki pekee. Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani, wakiongozwa na Ernst Johanssen, walifika Bukoba mwaka 1910, na kazi yao ilizaa Kanisa ambalo leo ni sehemu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Josiah Kibira, aliyekuwa askofu wake kuanzia 1964, aliliongoza pia Shirikisho la Kilutheri Duniani tangu 1977 hadi 1984. Katika familia nyingi za Kihaya, ndugu wa tumbo moja wamegawanyika kati ya makanisa haya mawili.

Kwa ndugu hao, kupaa ni neno la pamoja. Wote hukiri kwamba Yesu alipaa mbinguni. Kupalizwa ni neno la upande mmoja, kwa kuwa Walutheri hawaadhimishi sikukuu hiyo kama fundisho. Wanapozungumzia wanadamu waliochukuliwa na Mungu, kama Henoko, hutumia kutwaliwa, neno ambalo, kwa bahati, ndilo tafsiri halisi ya Kilatini. Waislamu wa Bukoba nao wana msamiati wao. Nabii Isa husemwa amenyanyuliwa au kuinuliwa, na safari ya Mtume usiku wa Miraji huelezwa kwa kupaa au kupandishwa mbinguni.

Kwa hiyo, ukimsikiliza mtu akisimulia safari ya kwenda mbinguni, kitenzi chake hukudokezea jumuiya iliyomlea. Jambo hili halitokani na uadui. Linatokana na ukweli kwamba kila jumuiya ilichota kutoka hazina ileile ya vitenzi kile kilichohitajika na mafundisho yake.

7.0 Tabaka tatu za kitenzi kimoja

Katika miongo ya karibuni, paa limepata umbo la tatu la kutendesha: paisha. Magazeti huandika kwamba uhaba umepaisha bei, kwamba bao limeipaisha timu, kwamba wimbo umempaisha msanii. Mkulima wa kahawa wa Kagera husikia kwamba bei imepanda au imepaa, na tofauti kati ya hayo mawili anaielewa mara moja: bei iliyopanda inaweza kufuatwa hatua kwa hatua, iliyopaa imemwacha mtu akitazama juu.

Tukiyapanga maumbo haya matatu, tunapata tabaka za historia:

(3) a. paza/paaza: l imegeuka z, hutumika kwa sauti.
b. paliza: l imehifadhiwa, hutumika kwa Bikira Maria.
c. paisha: l imesahauliwa, hutumika kwa bei na umaarufu.

Umbo la tatu linastahili kuangaliwa. Kaa halikutoa kaisha, wala zaa halikutoa zaisha. Wasemaji bado wanaisikia l katika vitenzi hivyo kwa sababu kalia na zaliwa hutumika kila siku. Kwa paa hali ni tofauti. Umbo palia, ambalo lingeihifadhi l hiyo, limeshikwa na maana nyingine: magugu hupaliwa, na mnywaji hupaliwa na maji. Inaelekea msongamano huo ndio uliomtenga paa na ukoo wake, hata wasemaji walipohitaji kitenzi kipya cha kutendesha wakakiunda upya kana kwamba l haikuwahi kuwapo.

Maumbo haya hayabadilishani nafasi. Hakuna asemaye kwamba Maria alipaishwa, kwa kuwa neno hilo lina harufu ya soko na uwanja wa mpira. Hakuna aandikaye kwamba bei zilipalizwa. Kila umbo limefunga mlango wake.

8.0 Hitimisho

Tofauti kati ya kupaa na kupalizwa ni tofauti ya mtenda, si ya mwelekeo. Kilatini, na Kiingereza baada yake, vilihitaji mizizi miwili kuieleza. Kiswahili kilihitaji viambishi viwili na sauti moja ya kale. Katika Bukoba na Muleba, neno hilo liliingia kutoka nje likiwa limekamilika, likatumika kwa uaminifu kanisani, na huko ndiko lilikoendelea kuishi baada ya kuachwa kwingine.

Kutokana na hayo, mapendekezo mawili yanafuata. La kwanza linawahusu watunga kamusi: paliza lenye maana ya kupeleka juu linapaswa kuorodheshwa chini ya kitomeo paa pamoja na paza na paisha, na kutenganishwa waziwazi na paliza la palizi. La pili linawahusu walimu wa Kiswahili wa Kagera na kwingineko: mfano huu unafaa darasani, kwa Mkatoliki, Mlutheri na Mwislamu sawia, kwa sababu unaonyesha kwa neno moja jinsi lugha inavyopoteza sauti na jinsi inavyoihifadhi. Ikiwa kupalizwa litaachwa lionekane kuwa fumbo la sakristia, siku moja litabadilishwa na kupaishwa au kupelekwa juu, na hapo Kiswahili kitapoteza shahidi wa historia yake ambaye vitabu vya sarufi havina wa kumweka mahali pake.